Nyumba na Jamaa katika Mtaa wa Kuze

Wataalamu wa elimu-jamii hutenga mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Jamaa ni watu waliofungamana kwa damu na kwa ndoa, popote walipo. Kaya ni watu wakaao pamoja na kula chungu kimoja, wawe na udugu au wasiwe nao. Neno kaya limekubalika katika Kiswahili cha takwimu, lakini kwa msomaji wa Mombasa lina kikwazo chake, kwani kwake Kaya ni makazi ya kale ya Wamijikenda yaliyomo misituni, kama vile Kaya Kinondo. Katika Kuze, mmojawapo wa mitaa ya Mji wa Kale, neno litumikalo ni nyumba, na tawi la ukoo huitwa mlango. Ajabu ni kwamba mlango huo ni mpana kuliko nyumba: watu wa mlango mmoja huweza kutawanyika Kuze, Kibokoni, Lamu na hata Unguja.

Tofauti hii haikuanza na vitabu vya wataalamu. Katika karne ya 19 nyumba ya mtu mwenye uwezo mjini Mombasa ilikuwa na watu wengi wasiokuwa jamaa zake: watwana, vijakazi, masuria, na pengine wageni waliongoja upepo wa kurejea kwao. Wote walilishwa na jiko moja, na nje walijulikana kwa jina la bwana mmoja. Hapo ndipo sheria ya Kiislamu ilipopitisha mpaka wake, na mpaka huo haukufuata kuta za nyumba. Mtoto aliyezaliwa na suria, baba yake akiwa ndiye bwana wa nyumba, alikuwa huru na alirithi sawa na nduguze waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipofariki alipata uhuru wake. Lakini fungu la urithi hakuwa nalo. Mama na mwana walilala chumba kimoja, naye mwana alikuwa jamaa ilhali mama alikuwa mtu wa nyumba tu.

Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengine waliondoka na wengine walibaki walipokuwa. Lugha ya udugu iliendelea kutumika: mjakazi wa zamani aliitwa mama au bibi na watoto aliowalea. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo haikumpa sehemu yoyote ya nyumba, na wajukuu zake walijua hivyo vyema. Masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, na kuchapishwa mwaka 1989, yana thamani kubwa kwa sababu hii: ndani yake husikika mwanamke wa ukoo wa waungwana, na vilevile mwanamke wa kizazi cha watumwa.

Hesabu ya mirathi huonyesha jambo hili waziwazi. Mwenye nyumba akifa na kuacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, nyumba hugawanywa mafungu 40: mke hupata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Mwana aliyehamia Maskati miaka mingi iliyopita ana mafungu yake 14 kamili. Mtoto wa kulea aliyemuuguza marehemu hana hata moja, isipokuwa aliusiwa, na wasia hauvuki thuluthi ya mali.

Nako kulea ni desturi kongwe. Mshairi Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze mwaka 1946, alilelewa na mmoja wa babu zake, Ahmad Basheikh bin Hussein, ambaye naye alikuwa mshairi. Urithi alioupata huko hauwezi kuandikwa katika karatasi za kadhi.

Njia moja ya kuzuia nyumba isikatwe vipande ilikuwa kuiweka wakfu kwa ajili ya kizazi. Majaji wa Kiingereza hawakuielewa njia hiyo, au pengine hawakutaka kuielewa. Kwao, mali iliyowekwa kwa manufaa ya jamaa haikuwa sadaka. Kwa Mwislamu, kumpa jamaa ni katika sadaka zilizo bora. Msimamo uliotolewa London mwaka 1894 katika kesi ya Bara Hindi ulifuatwa Afrika Mashariki hadi miaka ya 1950, ingawa huko Hindi kwenyewe ulikuwa umekwisha kutenguliwa kwa sheria ya mwaka 1913. Sheria ya Kenya ya mwaka 1951 kuhusu Makamishna wa Wakfu ndiyo iliyoitambua wakfu ya kizazi.

Serikali, kwa upande wake, huhesabu kaya. Katika sensa ya mwaka 2019 karani aliandika waliolala nyumbani usiku wa tarehe 24 Agosti, pamoja na jina la mkuu wa kaya. Siku mwenye nyumba atakapofariki, kadhi ataandika orodha yake mwenyewe. Katika nyumba nyingi za Kuze, ambazo wapangaji hukaa chini na mjane juu, na watoto wako ng'ambo, huenda jina la mjane likawa ndilo pekee lililomo katika orodha zote mbili.