Saa za Breguet na Elimu ya Mnunuzi

Miongoni mwa wakusanyaji wa saa ni majina machache yatajwayo kwa taadhima kama la Abraham-Louis Breguet, fundi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 akafungua karakana yake Paris mwaka 1775. Na kwa rai yangu hakuna tarikhi yenye manufaa zaidi kwa mtu atakaye kununua saa kwa busara, kwani yale yamhadaayo mnunuzi wa leo, yaani jina, dhahabu na maneno matamu ya muuzaji, yalikwisha kuwahadaa watu wa zama zile.

Sifa zake zilipoenea katika majumba ya wafalme, waghushi nao hawakukawia: saa duni zilitiwa jina lake zikauzwa kana kwamba zimetoka mikononi mwake, hata ikambidi, yapata mwaka 1795, aanze kuchora juu ya uso wa saa sahihi ya siri, ndogo mno, karibu na tarakimu ya 12, isiyoonekana ila saa ikiinamishwa mwangani. Tena saa zake zilipewa nambari, na mauzo yake yakaandikwa daftarini. Madaftari mengi ya karakana ile yamesalimika, na hadi leo mwenye saa aweza kuomba itafutwe humo nasaba yake.

Wala ustadi wake haukuwa katika mapambo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa aliwauzia watu saa yenye akrabu moja tu, isiyo na urembo wowote, ambayo mteja aliilipia robo ya bei alipoagiza. Na saa hizo nyepesi kwa sura zinatafutwa mno na wajuzi, kwa kuwa thamani yake imo ndani ya kasha. Kwa hiyo naona ni dhuluma mtu kujifanyia, kutoa fedha nyingi kabla kasha halijafunguliwa na fundi amwaminiye, akaangalia kamani na magurudumu, akapambanua kilicho cha asili na kilichobadilishwa, na akatambua kama uso wa saa ulipakwa rangi upya.

Aliyeyafahamu haya barabara ni Mwingereza Sir David Salomons, aliyekusanya saa za Breguet zaidi ya 100, na mwaka 1921 akatoa kitabu juu ya fundi huyo. Miongoni mwazo ilikuwamo Nambari 160, iliyoagizwa mwaka 1783 kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette na kukamilika mwaka 1827, malkia akiwa amekwisha kuuawa mwaka 1793 na Breguet mwenyewe amefariki mwaka 1823. Binti yake Salomons aliiweka hazina hiyo katika jumba la makumbusho huko Jerusalem, na mwaka 1983 mwizi akaingia usiku akaichukua pamoja na nyingine nyingi.

Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla Nambari 160 haijarejea makumbushoni. Nami nasadiki kwamba umashuhuri wake na maandishi yaliyoihusu ndiyo yaliyomzuia mwizi kuiuza hadharani. Basi, ewe msomaji unayetamani saa ya kale, dai kwanza nambari na hati zake, uzilinganishe na saa yenyewe. Na muuzaji akikataa kuifungua mbele yako, mrudishie.