PS2 YA MTUMBA: BEI CHEE ILIYOBEBA HISTORIA

Masela wa Kibamba wanaokusanya gemu za zamani wanaijua safari ya Kariakoo: unaenda na daladala, unarudi na mzigo. Ila kuna wanaorudi na mkweche, na kisa chake kilianzia Japani.

Sony walitoa PlayStation ya kwanza huko mwaka 1994. PS2 ikafuata Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Utamu wake, inasoma CD nyingi za PS1 pia. Mtu akinunua mashine moja, kapata vizazi viwili. Ndo maana bado inasakwa.

Balaa liko hapa: Sony waliigawa dunia kwa kanda. PS2 ya Japani inakataa CD original za Ulaya mpaka fundi aichokonoe. Halafu ile nene ya Japani iliundwa kwa umeme wa volti 100, wakati Bongo ni 230. Ukiichomeka bila transfoma, kwisha habari yake.

Kwa hiyo mjanja anaigeuza nyuma kwanza, anasoma volti. Ikiwa 100, anadai punguzo la hela ya transfoma. Kisha anaomba iwashwe, CD iwekwe. Muuzaji akileta longolongo, anasepa.

Wadau, nani bado anayo ya kwake? Dondosha komenti.