Shamba Lililopumzishwa na Mawindo ya Usukuma

Habari za uwindaji wa Wasukuma husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni habari za mishale, mbwa na ushujaa tu. Jembe husahauliwa. Lakini katika nchi kama Zagayu, ambayo zamani ilihesabiwa katika Bariadi na leo imo Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, mwindaji hakuweza kumjua mnyama asipojua zamu ya mashamba.

Mkulima wa kale alilima mtama na uwele katika udongo wa kichanga wa miteremko, uitwao luseni. Udongo ulipochoka aliuacha upumzike, akafyeka kwingine. Kwanza walikuja kanga na kwale kuokota masazo ya nafaka. Kisha nyasi changa zilimvuta swala, ambaye hupenda mno ukingo baina ya uwanda na kichaka; na kichaka kiliposongamana, digidigi alipata maficho. Basi mawindo hayakuwa na mahali pa kudumu. Aliyejua ni shamba la nani lililoachwa, na tangu lini, alijua pa kuvizia.

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. La kwanza ni vita dhidi ya mbung'o. Katika miaka ya 1920 C. F. M. Swynnerton alianza kuongoza kazi ya kufyeka vichaka huko Shinyanga. Na ni ajabu ya historia kwamba bwana huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa pori katika Tanganyika! Ng'ombe walipata malisho. Wanyama wa vichakani walipoteza makao.

La pili, lenye nguvu zaidi, ni pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo chake kilienea upesi, na plau ya kukokotwa na maksai ikapanua mashamba. Pamba iliingizwa katika zamu pamoja na mahindi na mtama, na ardhi ikanyimwa likizo yake. Zaidi ya hayo, kanuni ya kuzuia wadudu ilitaka mashina yang'olewe na kuchomwa kila baada ya mavuno, hata shamba likabaki tupu, bila jani la kumficha hata sungura.

Hivyo mawindo yalisogea mashariki, nako mashariki kulikuwa kukiwekewa mipaka: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa mwaka 1962. Kitendo ambacho babu alikifanya katika shamba lililolala, mjukuu akikifanya ng'ambo ya mpaka bila kibali huitwa jangili. Wanasheria wametosheka na jina hilo. Mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani aliyeondoa vichaka vya nyumbani.

Siku hizi tembo ndio wavukao mpaka, usiku, wakala mahindi na mtama. Mkulima hupiga madebe na kuwamulika kwa kurunzi. Kulipokucha hupeleka taarifa kwa maofisa, akangoja malipo yanayoitwa kifuta jasho.