Walioonya Hawakusikizwa

Juu ya kila uovu mkubwa historia huuliza maswali mawili. Swali la kwanza ni nani aliyeutenda. La pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni nani aliyejua kuwa unatendeka akanyamaza. Swali la kwanza humtafuta mtu. La pili huitafuta taasisi, yaani serikali, shule, chama cha michezo, au baraza lolote lililokabidhiwa watu liwatunze. Mtu mmoja aweza kutenda maovu kwa siri kwa siku chache. Kuyatenda kwa miaka hawezi, ila awe na mahali pa kujifichia, na mara nyingi mahali hapo ni ofisi ya mkubwa wake. Katika insha hii tutalifuata swali la pili tangu mitaa ya mashariki ya Nairobi hadi mahakama ya London, safari iliyochukua karibu miaka 60.

Mitaa hiyo, ambayo wenyeji huiita Eastlands, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jiji liliihitaji mikono yao, walakini halikupenda wakae karibu na makao ya Wazungu. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920. Baadaye ikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mitaa mingine. Chumba kimoja kililaza watu wengi, na mshahara ulikuwa haba. Hata hivyo, watu hawakukosa furaha zao. Jioni vijana walicheza mpira viwanjani. Katika ukumbi wa Pumwani na ule wa Kaloleni palikuwa na dansi na michezo, na humo humo wananchi walihudhuria mikutano ya chama cha Kenya African Union.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wa manispaa aliyesimamia mambo ya Waafrika wa mitaa hiyo alikuwa Mwingereza aitwaye Thomas Askwith. Alikuwa mwanamichezo hodari. Aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya kupiga makasia kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1932 na ya 1936. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha United Kenya Club, klabu ambayo watu wa rangi zote waliweza kukaa pamoja, jambo lililokuwa geni katika Nairobi ya siku zile. Lishike jina lake, msomaji, kwa maana tutakutana naye tena mahali pa huzuni.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi chini ya Jenerali George Erskine yaliizingira Nairobi. Msako huo uliitwa Operesheni Anvil. Askari waliingia mtaa baada ya mtaa, wakawatoa watu nyumbani mwao, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kwa kutikisa kichwa tu, mtu huyo aliamua nani aende na nani abaki. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Nyumba nyingi za Eastlands zilibaki na wanawake na watoto wasiojua waume na baba zao wamepelekwa wapi.

Serikali ilisema kwamba makambi hayo yangekuwa mahali pa kuwarekebisha watu, na kazi ya urekebishaji ilikabidhiwa kwa Askwith. Mpango wake ulikuwa wa kazi, masomo, ufundi na michezo. Yeye naye hakuwa mpigania uhuru. Aliamini, kama wenzake, kwamba Mau Mau ilikuwa kama ugonjwa na kwamba watu walihitaji kuponywa. Walakini aliamini pia kwamba mtu haponywi kwa fimbo. Hapo ndipo alipoachana na serikali aliyoitumikia, kwa maana fimbo ilikuwa imekwisha kuingia makambini.

Je, wakubwa hawakujua? Walijua, na walioambiwa kwanza waliambiwa na wateswa wenyewe. Mahabusu waliandika barua nyingi za malalamiko kwa vipande vya karatasi na kuzitorosha nje ya kambi. J. M. Kariuki, aliyekaa kizuizini tangu 1953 hadi 1960, alikuwa mmoja wao. Katika kitabu chake cha 1963, "Mau Mau" Detainee, ameeleza jinsi alivyopigwa kwa sababu ya barua hizo. Tusiwape wenye vyeo peke yao sifa ya kuonya. Mnyonge alisema kwanza, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Wenye vyeo nao walisema. Arthur Young, ofisa wa polisi mwenye sifa njema, aliletwa kutoka Uingereza mwaka 1954 kuwa Kamishna wa Polisi. Alipotaka kuchunguza mauaji na mateso yaliyotendwa na walinzi waliokuwa upande wa serikali, alizuiwa. Kabla mwaka haujatimia alijiuzulu, na barua yake ya kujiuzulu haikutangazwa kwa umma. Mwaka 1956 Bibi Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa katika kazi ya urekebishaji, alirudi Uingereza akaandika magazetini habari za wasichana wadogo waliofungwa katika gereza la Kamiti. Serikali ilibishana naye juu ya miaka ya wasichana hao, kana kwamba shida ilikuwa hesabu. Mwishoni mwa 1957 Askwith mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake kupinga vipigo walivyopokelewa navyo mahabusu katika makambi ya Mwea. Jibu alilopata ni kunyang'anywa kazi ya kuwasimamia mahabusu.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia apaswa kulitazama vyema. Taasisi ilipopata habari ya uovu, ilikuwa na njia mbili: kumwondoa mtesaji, au kumwondoa aliyemshtaki. Ilichagua ya pili, mara kwa mara, na kila ilipochagua hivyo iliwafundisha wafanyakazi wake wote somo moja, kwamba fimbo haina hatari bali ulimi ndio wenye hatari.

Mwezi wa Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana juu ya nguvu zinazoweza kutumiwa katika makambi hayo ya Mwea. Alisema kwamba ikiwa hawana budi kutenda dhambi, basi waitende kimya kimya. Aliyeandika hivyo alikuwa mlinzi mkuu wa sheria katika nchi. Tangu hapo hatuwezi kusema kwamba mateso yalikuwa ya askari wachache wenye hasira, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kupata kibali cha maandishi.

Matunda yake yalionekana katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 waliokuwa wamekataa kazi ya kulazimishwa walitolewa kambini kwa mpango uliopitishwa na wakubwa. Askari waliwapiga kwa marungu. Watu 11 walikufa na wengi wakajeruhiwa. Siku iliyofuata serikali ilitoa taarifa kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Miili ilipopasuliwa na madaktari, ilionekana kuwa wamekufa kwa vipigo, na hakimu aliyechunguza vifo hivyo alithibitisha vivyo hivyo. Hata hivyo, hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Habari za Hola zilizua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza usiku wa tarehe 27 Julai 1959. Mbunge Enoch Powell, ambaye alikuwa wa chama kilekile kilichotawala, alisema kwamba nchi yake haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine katika Afrika. Baada ya hapo serikali iliharakisha kuyafunga makambi, na mwezi wa Januari 1960 hali ya hatari ilikomeshwa. Mawaziri walibaki na vyeo vyao. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, mafaili mengi ya siri yalipakiwa kwenye ndege yakapelekwa Uingereza.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa amenusurika Hola. Alipigwa akazimia, akalazwa miongoni mwa maiti. Serikali ilijitetea kwamba deni lolote la ukoloni lilikwisha kurithiwa na Kenya huru. Jaji hakukubali. Mwaka 2011 serikali ililazimika kukiri kwamba ilikuwa ikiyahifadhi mafaili yapatayo 1,500 yaliyotolewa Kenya, yakiwa yamefichwa katika nyumba ya serikali iitwayo Hanslope Park. Ndani yake zilikuwamo barua zilezile ambazo wakubwa walidhani hazitasomwa kamwe.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alisimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake. Pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, zilitolewa kwa ajili ya watu 5,228, na mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Lakini serikali hiyo haikukubali kwamba inawajibika kisheria, na kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilishindwa mwaka 2018, kwa kuwa muda mrefu mno ulikuwa umepita. Hivyo ndivyo ilivyo faida ya kunyamaza kwa taasisi: ikiweza kuchelewesha ukweli mpaka mashahidi wafe, itaponea mlango wa muda. Watu wengi waliotolewa Bahati na Kaloleni alfajiri ile walikufa bila kusikia hata neno la kusikitikiwa.

Yamkini msomaji kijana atasema kwamba hayo ni mambo ya gavana na majenerali, wala hayamhusu yeye anayesoma shule na kucheza katika timu. La, yanamhusu sana. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya mwalimu mmoja aliyewanajisi wanafunzi wake wawili. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba mwalimu yule hatajibu peke yake. Tume ya Kuwaajiri Walimu na serikali zitajibu pamoja naye, kwa kuwa ndizo zilizomweka mbele ya watoto na zilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Jaji alikemea pia desturi ya kumhamisha mwalimu mbaya kutoka shule hii hadi shule ile. Kanuni ya hukumu ile ndiyo iliyokosekana Hola: aliyemkabidhi mtu mamlaka hawezi kunawa mikono mamlaka hayo yatumikapo vibaya.

Tazama sasa viwanja vya Eastlands siku ya Jumamosi. Mkufunzi wa timu ana uwezo mkubwa juu ya mtoto maskini. Yeye ndiye ampangaye katika timu, ampatiaye viatu na nauli, na amtajiaye jina lake kwa shule zinazotafuta wachezaji. Wengi wa wakufunzi hao ni watu wema wanaojitolea jasho lao. Lakini akitokea mmoja asiye mwema, na mtoto akapata ujasiri wa kusema, atasikizwa na nani? Kiongozi wa timu akimjibu kwamba asiwaharibie jina, kwa kuwa fainali ni wiki ijayo, basi amechagua njia ileile iliyochaguliwa mwaka 1954 na mwaka 1957. Makosa hayalingani kwa ukubwa, ila njia ni moja, na huishia mahali pamoja.

Kwa hiyo taasisi ipimwe kwa yale itendayo siku inapoletewa habari mbaya juu ya mtu wake. Je, mlalamikaji hulindwa? Je, shauri huchunguzwa na mtu asiye rafiki wa mshtakiwa? Je, matokeo huandikwa na kutangazwa, au hufungiwa kabatini? Chama au shule isiyoweza kuyajibu maswali hayo matatu haijawa salama kwa mtoto, hata ikiwa na vikombe vingi vya ushindi.

Nawe, msomaji, siku moja utakuwa kiranja, nahodha, mwalimu au mkuu wa idara. Mtu mnyonge atakujia na neno zito, tena saa ambayo hupendi kulisikia. Siku hiyo wakumbuke mahabusu wa Manyani na barua zao za vipande vya karatasi. Lipokee neno lake, uliandike, na ulifikishe panapostahili.