Kandili

Ukiingia Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Cairo, katika jengo la Bab al-Khalq lililofunguliwa mwaka 1903, utakutana na taa za kioo zilizoning'inia misikitini zama za watawala wa Kimamluki. Zina tumbo pana na shingo iliyofunguka juu. Ubavuni zina vipete vya kupitishia minyororo. Nyingi zimeandikwa kwa rangi na dhahabu maneno ya Sura ya Nur, aya ya 35, inayofananisha nuru ya Mungu na taa iliyomo ndani ya kioo.

Mwarabu huiita taa hiyo ya msikitini qindil; sisi tunasema kandili. Lakini Mwarabu naye aliazima: neno lilianzia kwenye candela ya Kilatini, yaani mshumaa, likapitia Kigiriki. Njiani mshumaa ukageuka taa ya mafuta. Kwetu pwani kandili ikashuka kutoka darini ikashikwa mkononi, ikawa jirani ya chemli na koroboi.

Basi ukiambiwa uwashe kandili, jua neno hilo limevuka Mediterania na Bahari ya Hindi kabla ya kufika ulimini mwako. Utambi mpya, neno la kale.