Kengele ya Kazi na Uhuru wa Saa

Wengi hudhani kwamba mazoea ya kumwachia mwajiriwa achague saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka, au afanye kazi yake nyumbani pasipo kuonekana na msimamizi, yaliletwa na maradhi ya korona mwaka 2020. Walakini habari hii ni ya zamani zaidi, na anayeifuatilia ataona kwamba kampuni zilizofaulu katika jambo hili ni zile zilizopatana mapema na watu wao juu ya kitu kitakachopimwa na kipimo kitakachotumika.

Kabla ya zama za viwanda, fundi alifanya kazi kwa kadiri ya maagizo aliyopewa na mwanga wa mchana, akapumzika alipotaka, maadamu chombo kilikuwa tayari siku ya ahadi. Viwanda vilipokuja vilikuja na kengele. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza aliyefungua kiwanda chake cha Etruria mwaka 1769, aliwaita watu wake kazini kwa kengele na kuwaandika waliowahi na waliochelewa. Na nidhamu ya namna hiyo ikaenea duniani, hata mfanyakazi, ambaye hapo zamani aliuza kazi ya mikono yake, akawa sasa anauza saa zake.

Nidhamu hiyo ilipofika pwani yetu ilikuta watu wenye dasturi nyingine. Katika bandari ya Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, makuli wengi waliopakia na kupakua shehena walikuwa vibarua wa kutwa: mtu alikwenda bandarini siku aliyoitaka, akapokea ujira wake, na siku ya pili akashughulika na shamba lake au biashara yake ndogo. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliuona uhuru huo kuwa ni uvivu na chanzo cha fitina. Kwa hiyo baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, na hususa katika miaka ya 1950, vibarua waliandikishwa daftarini, wakalazimishwa kufika siku kadha kila mwezi, na asiyetimiza akafutwa jina. Hata hivyo insafu yataka tukumbuke upande wa pili, kwamba kibarua yule aliyekuwa na hiari ya siku zake hakuwa na dhamana ya riziki meli zisipokuja, wala hakuwa na ujira akiugua. Aliyeandikwa naye alipata dhamana, akapoteza hiari.

Kuyaunganisha mambo hayo mawili, hiari na dhamana, ndiko kulikojaribiwa katika Ujerumani ya Magharibi muda si mrefu baadaye. Kampuni ya Bölkow, iliyotengeneza vyombo vya anga huko Ottobrunn, karibu na Munich, ilisumbuliwa na udhia ambao kila mkaazi wa mji mkubwa anaujua: wafanyakazi wake wote walitakiwa wafike kwa wakati mmoja, basi barabara zikaziba kila asubuhi, watu wakasongamana malangoni, na jioni mambo yakawa yale yale. Mwanauchumi mmoja, Christel Kammerer, alikuwa amekwisha kutoa shauri, wakati nchi yake ilipokuwa na upungufu mkubwa wa wafanyakazi, kwamba wanawake wenye watoto wangeingia kazini kwa wingi kama saa zingelegezwa. Mwaka 1967 kampuni hiyo ikalitia shauri hilo katika vitendo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka, na katika wepesi huo ndimo ilimokuwamo nguvu yake. Siku iligawanywa sehemu mbili: saa za katikati, ambazo kila mtu alilazimika kuwapo, ili mikutano na mashauriano yasikwame, na saa za pembeni, asubuhi na jioni, ambazo kila mtu alizipanga kwa masilahi yake. Jumla ya saa za kazi haikupunguzwa, na aliyezidisha au kupungukiwa aliweza kulipana na kampuni baadaye, kwa mpaka uliowekwa. Ili hesabu isiwe ya kubahatisha, kampuni kama Hengstler zikauza mashine za kujumlisha saa za kila mtu. Na hapo ndipo yalipozuka manung'uniko, kwani makarani ambao maisha yao hawakupata kuhesabiwa saa waliiona mashine hiyo kuwa ni dharau, na vyama vya wafanyakazi vikahofia kwamba saa za ziada, zilizostahili malipo ya juu, zingeitwa hiari ya mfanyakazi na kwenda bure. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani palipokosekana maandiko ya kubainisha saa iliyochaguliwa na mtu na saa iliyoamriwa na bwana wake, uhuru uligeuka kuwa mlango wa dhuluma.

Huko Uingereza, kwa upande mwingine, alikuwapo mwanamke aliyekwenda mbali kuliko Wajerumani, na aliyewatangulia. Stephanie Shirley, aliyeletwa Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi, alianzisha nyumbani kwake mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni sita, kampuni ya kuandika programu za kompyuta iliyoitwa Freelance Programmers. Aliwaajiri wanawake wenye elimu ya kazi hiyo ambao walikuwa wameiacha kwa sababu ya ndoa au uzazi. Nao wakaandika programu majumbani mwao kwa kalamu na karatasi, wakishauriana kwa simu. Kwa kuwa barua zake kwa wakubwa wa makampuni hazikujibiwa, alianza kuzitia sahihi kwa jina la kiume, Steve, na milango ikafunguka. Katika waajiriwa wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa ile ya programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Siri ya kufaulu kwake ilikuwa katika namna ya kuuza kazi. Shirley hakumdai mteja malipo ya kila saa, jambo ambalo lingezusha maswali juu ya nani alikuwa wapi na kwa muda gani. Alikata bei moja kabla ya kazi kuanza, akaweka kanuni kali za ubora, na baada ya hapo ikawa si shughuli ya mtu kuuliza kama programu iliandikwa alfajiri au usiku watoto wakiwa wamelala. Hatimaye aliwagawia waajiriwa wake hisa, na 70 miongoni mwao wakawa mamilionea.

Serikali zilifuata nyuma kwa mwendo wa pole. Marekani ilitunga sheria ya kuujaribu utaratibu huu wa saa za hiari katika ofisi za serikali kuu mwaka 1978. Uingereza iliwapa wazazi wa watoto wadogo haki ya kuuomba mwaka 2003, na ikaieneza kwa waajiriwa wengine mwaka 2014. Kwetu Kenya, tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alizihimiza ofisi na makampuni yawaruhusu watu wafanye kazi nyumbani, illa wenye huduma za lazima.

Mkurugenzi atakaye leo kuuingiza utaratibu huu katika kampuni yake ana mengi ya kuchukua katika historia hiyo: aweke saa ambazo wote watakuwapo, aandike mapema ni saa ipi itakayolipwa kuwa ya ziada, na aipime kazi iliyokamilika. Fauka ya hayo, asiwasahau bawabu, dereva na mwendesha mashine, ambao kazi zao hazichukuliki nyumbani. Hao nao wapewe nafasi ya kubadilishana zamu au kujua ratiba yao mapema, kwa sababu uhuru wa saa unaogawiwa wenye meza peke yao huzaa husuda kazini, na faida yote iliyotarajiwa hupotea katika husuda hiyo.