Kusafiri na meli kubwa bila kula gluteni: mambo yenye musafiri anapashwa kujua

Meli kubwa ya matembezi, ile yenye watu wanaita kruazieri, ni kama hoteli yenye kutembea juu ya maji. Inatoka Barcelona, Marseille ao Genoa, inazunguka siku 7, na chakula kinakuwa mezani kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane. Kwa watu wengi ile ni furaha tupu. Kwa mutu mwenye ugonjwa wa seliaki, ni siku 7 za kuuliza swali moja mbele ya kila sahani: iko ngano ndani?

Kuna Wakongomani wa Ubelgiji, Ufaransa na Kanada wenye kupanda meli hizi, na kati yao kuna wenye munganga alikataza ngano kwa maisha yote. Kwa mutu wa namna ile safari inawezekana, na anaweza hata kula vizuri. Lakini ile kazi inaanza mbele ya kufunga muzigo.

Seliaki ni nini

Gluteni ni protini yenye kupatikana mu ngano, mu shayiri na mu segle, ile nafaka ya Ulaya yenye wanatengenezea mukate mweusi. Ni yenyewe inafanya donge la mukate livutike bila kukatika. Mutu wa seliaki akiikula, kinga ya mwili wake inageuka na kupiga utumbo wake mwenyewe. Vinyweleo vidogo sana vya ndani ya utumbo mwembamba, vyenye kazi yao ni kuchukua chakula na kukiingiza mu damu, vinalala na kuisha. Hapo mutu anaweza kula sahani mbili na mwili unabaki na njaa: kuhara, tumbo kuvimba, kukonda, kupunguka damu, kuchoka bila sababu. Mutoto anaacha kukomaa. Wengine hawasikii kitu kikubwa, lakini utumbo unaendelea kuharibika polepole.

Hesabu yenye waganga wanazoea kutoa ni karibu mutu 1 kwa watu 100 mu dunia. Ugonjwa unafuata damu ya jamaa: mutu mwenye mama ao ndugu wa seliaki ana hatari zaidi. Hauna kidonge cha kuuponyesha. Dawa yake ni chakula.

Namna ulijulikana ni habari ya vita. Munganga wa watoto mu Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anashuku ngano tangu mbele ya Vita ya Pili. Kisha ikakuja njaa kubwa ya Uholanzi, mu baridi ya 1944 na 1945, wakati mukate ulikosekana. Watoto wengine walikuwa wanaisha nguvu, lakini watoto wagonjwa wa seliaki walikuwa wanapata afadhali. Mukate uliporudi, ugonjwa nao ulirudi. Dicke aliandika hayo mu kitabu chake cha udaktari mu mwaka wa 1950.

Wenye kusoma habari hii wakiwa Kivu wasikimbie kusema mutoto fulani ana seliaki kwa sababu anahara. Huku kuhara kwa mara nyingi kunatoka ku maji machafu, amiba na minyoo, na hayo ndiyo ya kupima kwanza. Na mwenye kushuku seliaki asiache mukate mbele ya kupima damu. Kipimo kinatafuta alama zenye mwili unatoa wakati mutu anakula gluteni. Akiacha mapema, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu, na kumbe ugonjwa uko.

Makombo tu yanatosha

Watu wa jamaa wanazoea kusema: «Kidogo tu, haiwezi kukuua.» Ni maneno ya upendo, lakini hesabu inayakatala. Kipande kimoja cha mukate kiko na gluteni ya karibu gramu 2 ao zaidi, ni kusema miligramu 2 000. Uchunguzi wenye kutangazwa mu mwaka wa 2007 ulionyesha kama miligramu 50 kila siku, kwa miezi 3, inatosha kuharibu utumbo wa mugonjwa. Gawanya kile kipande mara 40: sehemu moja ndiyo hiyo. Ni makombo yenye kubaki ku kisu cha kupakalia siagi. Ndiyo maana chakula chenye kuandikwa «bila gluteni» hakipashwi kupita miligramu 20 kwa kilo moja, kufuatana na kanuni za Codex, na Ulaya na Marekani wanafuata kipimo hicho.

Kwa hiyo, ku meli, mukate wenyewe si adui wa kuogopesha sana. Unaonekana. Hatari iko ku kijiko, ku mafuta na ku maji ya sufuria.

Mbele ya safari

Siku ya kununua tiketi, musafiri anapashwa kutangaza seliaki kwa maandishi kwa kampuni ya meli yenyewe, si kwa muuzaji wa tiketi peke yake. Kampuni kubwa ziko na ukurasa wa kujaza mambo ya chakula, na zinaomba lijazwe majuma mengi mbele, zingine mwezi ao zaidi. Jibu lao lichapwe na liwekwe mu muzigo. Kwa mara nyingi chakula cha namna hii hakiongezi bei.

Neno la kutumia ni «ugonjwa wa seliaki». Mutu akisema tu kama hapendi gluteni, mupishi anamuhesabu pamoja na wale wenye kuacha mukate juu ya kupunguza unene, na atamutolea mukate pembeni ya sahani, basi. Akisema ugonjwa, sufuria inabadilishwa.

Karatasi ndogo inasaidia sana kuliko maelezo marefu ya mudomo. Wapishi na watumishi wengi wa meli wanatoka Ufilipino, India na Indonesia, na luga yao ya kazi ni Kiingereza. Mukongomani wa Kifaransa atateseka kueleza mezani. Mutoto mwenye anasoma Kiingereza anaweza kuandika mistari mine mbele ya safari: ugonjwa, ngano na shayiri na segle hapana, sufuria safi na maji mapya, mafuta yenye hayakukaanga kitu cha unga.

Wenye kupanda ndege kwanza wanaweza kuomba chakula cha alama GFML, ndiyo jina la chakula bila gluteni kwa kampuni za ndege. Kinaombwa siku mbili mbele, wakati mwingine zaidi. Hata hivyo biskuti za kufungwa, karanga na matunda ya kukauka ziwe mu sakoshi, kwa sababu chakula cha ndege kinazoea kupotea mu njia.

Ndani ya meli

Siku ya kwanza, mbele ya chakula cha mangaribi, musafiri atafute mukubwa wa watumishi wa meza na kumuonyesha ile karatasi. Ni saa moja yenye kulipa kuliko yote. Aombe meza moja na mutumishi mumoja kwa safari muzima, kama mupango wa meli unaruhusu. Ku meli nyingi kuna desturi nzuri: kila mangaribi wanamuletea mugonjwa karatasi ya vyakula vya kesho, anachagua, na jiko linamutengenezea chake mbali. Mutu mwenye anafanya hivyo anakula karibu kama wengine, na supu, na nyama, na keki.

Bufe ni kitu kingine. Pale kila mutu anajipakulia. Mutu anachukua mukate na koleo, kisha koleo hilohilo linaingia mu saladi. Mutoto anaangusha makaroni mu muchele. Karatasi yenye kuandikwa «bila gluteni» inaweza kuwa ya kweli saa 12 asubuhi, na kufika saa 3 ni uongo, na hakuna mutu alikosea kwa kusudi. Mwenye anapashwa kula pale afike wakati mulango unafunguliwa, aombe apakuliwe kutoka jikoni, ao achukue vitu vyenye ganda: ndizi, chungwa, yai la kuchemusha.

Kuna vyakula vyenye sura ya usafi na ndani ni ngano. Sosi ya soya ya kawaida inatengenezwa na ngano. Sosi nzito ya nyama inanenepeshwa na unga. Sosisi, buleti, na vile vijiti vyekundu vyenye wanaita nyama ya kaa, mara nyingi viko na ngano. Kuskusi na bulguri ni ngano, hata kama vinafanana na nafaka ingine. Omuleti nayo ya kuuliza: kuna jiko lenye kuongezamo unga wa krepi kusudi ivimbe. Viazi vya kukaanga havina kosa, lakini mafuta yake yalikaanga nini asubuhi? Avwane, ile ya uji, ni ya kuacha kama hakuna alama ya bila gluteni, kwa sababu inachanganyikana na ngano mu shamba na mu kinu. Mashini ya kuchoma mukate isiguswe hata na mukate wa bila gluteni. Na bia ya kawaida ni shayiri. Divai haina shida.

Wakatoliki wenye kusali Misa ku meli yenye padri wako na swali lao. Barua ya Vatikani ya mwaka wa 2017 ilikumbusha kama hostia yenye haina gluteni hata kidogo haikubaliwe, lakini yenye gluteni ndogo sana inakubaliwa. Ingine njia ni kukomunika na divai peke yake, lakini mu kikombe cha mbali, kwa sababu padri anazoea kutia kipande cha hostia mu kikombe chake.

Kama tumbo linaharibika

Hapa wengi wanashituka. Ku meli, mutu mwenye anatapika na kuhara anashukiwa kuwa na virusi ya norovirusi, yenye inatembea haraka sana mahali watu elfu tatu wanagusa mulango mumoja. Anaweza kuombwa abaki mu chumba chake siku moja ao mbili. Mugonjwa wa seliaki aende kujitambulisha kwa wauguzi wa meli mapema, na siku ya shida aseme yote: ugonjwa wake, na kile alikula. Asifiche kwa kujiambia «ni gluteni tu». Inaweza kuwa virusi kweli, na jirani wa meza ni mutu muzee. Munganga wa meli analipwa, na bei yake inauma. Bima ya safari inapashwa kutaja seliaki wazi.

Siku za kushuka ku bandari

Meli nyingi za kruazieri zinabeba bendera ya Bahama, Panama ao Malta, kwa hiyo sheria ya chakula ya inchi ya bandari haiingii jikoni mwa meli kila mara. Ku inchi kavu mambo ni wazi zaidi. Mu Umoja wa Ulaya, tangu mwezi wa 12 mwaka wa 2014, kila restora inapashwa kumujulisha mukulaji vitu 14 vyenye kuleta mzio, na nafaka zenye gluteni ziko kati yao.

Italia inastahili kusifiwa. Inchi ya makaroni na pitsa ndiyo inchi yenye kuelewa seliaki kupita zingine nyingi: iko na chama cha wagonjwa tangu 1979, sheria ya 2005 inawalinda, na serikali inawasaidia kila mwezi kununua chakula chao. Mu restora za Genoa ao Napoli, maneno «senza glutine» yanaeleweka mara moja. Matunda na nyama kutoka ku meli visishushwe, bandari nyingi zinakataza. Biskuti zenye kufungwa kwa kawaida hazina neno.

Na ku bateau za huku?

Mutu wa seliaki mwenye anatoka Ulaya kutembelea jamaa, na kupanda bateau ya usiku ku Ziwa Kivu ao Tanganyika, hatapata karatasi ya vyakula vya kesho. Lakini anaingia mu inchi yenye chakula chake cha kila siku hakina gluteni: bugali ya mihogo ao ya mahindi, muchele, ndizi, maharagi, sombe, lenga-lenga, samaki. Pale bibi yake anakula vile tangu kuzaliwa bila kujua lile neno. Ajabu ni kama hatari ingine inatoka Ulaya: jamaa nyingi za kule zinasonga bugali na semule ya ngano, na wakikuja likizo wanaweza kuibeba mu valizi.

Ku bateau, kile kinauzwa ni mikate, mandazi, chapati, chai na mayai. Sambaza za kukaanga ni nzuri kama hazikuviringwa mu unga wa ngano, na kama mafuta hayakukaanga mandazi mbele yao. Mama mwenye kuuza anajua, na anajibu akiulizwa kwa heshima. Kyube za supu zingine ziko na ngano, ni ya kusoma karatasi yake. Unga wa uji wa kuchanganya uwe wa mahindi, soya na mutama, lakini kuna wenye kuongezamo ngano. Vizuri zaidi ni chakula cha kupikwa nyumbani, mu bakuli lenye mufuniko, na kijiko chake.

Primus inatoka ku malti ya shayiri, kwa hiyo hapana. Kasiksi, kwa kawaida, ni ndizi na mutama. Mwenye kuipima ku Idjwi aulize tu ni unga gani walitiamo.